Mwonja chokaa wa Pate aliyekatazwa kuonja

"Meza."

Mwalimu Bochaberi amefumba macho, ulimi nje. Kwenye ncha yake pamepakwa chokaa nyeupe, kidogo tu, isiyozidi punje ya mtama.

"Meza, usiteme," Bi Khairiya Idarus anamwambia. "Chokaa haionjwi ulimini. Huonjwa kooni."

Bochaberi anameza. Anakohoa, machozi yanamlengalenga, anapapasa mkekani akitafuta kikombe cha maji. Bi Khairiya anakisogeza mbali.

"Mayi baadaye. Sema kwanza."

"Inauma hapa," Bochaberi anasema, akijishika chini ya kidevu.

"Yauma kisha yaondoka, ama yauma kisha yakaa?"

"Inakaa. Ee Mungu wangu, inakaa!"

"Basi bado ni kali. Irudi mayini."

Ni asubuhi ya Alhamisi mjini Pate, na ukumbi wa nyumba ya Bi Khairiya unanukia asumini, iliki na majani mabichi. Mkekani kuna siniya tatu. Moja ina majani ya tambuu yaliyooshwa na kupanguswa moja moja. Ya pili ina popoo, kokwa ngumu, zilizokatwa nyembamba kwa mkasi. Ya tatu ina katu iletayo wekundu midomoni, karafuu na tumbaku ya hapahapa Pate. Jumamosi kuna arusi mtaani, na mama wa bibi arusi ameagiza tambuu mia tatu.

Bi Khairiya ana miaka sitini na miwili, na zaidi ya arubaini ameipitisha akifunga tambuu za arusi. Wajuzi wa kazi hii watakuambia kwamba kukunja majani hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye chokaa inayopakwa juu ya jani. Ikizidi ukali inababua midomo ya wageni. Ikipoa mno, tambuu inakuwa majani ya mbuzi.

Kwa miaka yote hiyo hakuna chokaa iliyotoka nyumbani humu bila kupita kooni mwake. Mwaka huu haipiti. Amekatazwa na daktari, kwa sababu ya kidonge anachomeza kila asubuhi kutibu homa ya ini aina ya C. Hii ni tiba yake ya tatu. Mbili za kwanza zilishindwa, na daktari amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba hana ya nne ya kumpa.

Ndiyo maana kazi ya kuonja imehamia kwa jirani.

Bochaberi ni mwalimu wa shule ya msingi aliye likizoni, mzaliwa wa Nyamira, na mpangaji wa chumba cha juu katika nyumba hii kwa mwaka wa nane sasa. Kabla ya hapa hakuwahi kutia tambuu kinywani.

"Kwetu tunatafuna miwa," anasema, akijipepea kwa kawa. "Huyu mama aliponiomba nimsaidie kuonja, nilidhani ni mchuzi."

Wanawake wa mtaa walipopata habari walicheka wakashika mbavu. Tambuu ya Pate kuonjwa na Mgusii! Mmoja alimuuliza Bi Khairiya kama bibi arusi naye ataimbiwa Kikisii.

"Nikawaambia, kwani ulimi una kabila?" anasema Bi Khairiya. "Ulimi una mazoea tu. Huyu mwalimu nimpe mwaka moya, atawashinda wote."

Mwandishi wa makala haya naye alitaka kujua hiyo chokaa ikoje, akaomba aonjeshwe. Kilichofuata si cha kuandikwa gazetini. Yatosha kusema kwamba Bi Khairiya alicheka hadi ushungi ukamwanguka.

Alizaliwa Amu, kama wenyeji waitavyo Lamu, mtaa wa Langoni, akalelewa na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akifunga tambuu za arusi za mji mzima. Anamkumbuka ameketi kitini ukumbini, miguu haifiki chini, akimwita mjukuu wake atoe ulimi. Alianza kuonja akiwa na miaka tisa. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili alijifanya halii.

"Bibi alikuwa haniulizi ni tamu ama ni chungu," anasimulia. "Aliuliza yakaa ama yaondoka. Chokaa njema ni kama mgeni mwenye adabu. Yabisha hodi, yaingia, yasema lake, yaenda zake."

Akiyataja mambo ya wakati huo, sauti yake inabadilika na mikono inaacha kazi. Anasema kila nyumba ya Amu ilikuwa na kijaluba, kile kisanduku kidogo cha shaba cha kuwekea uraibu, na mgeni hakuulizwa habari kabla hajakunjiwa tambuu yake. Walioteta walipatanishwa kwa tambuu. Aliyekwenda kuposa alitanguliza tambuu, na iwapo siniya ilirudi bila kuguswa, wazee walivaa viatu wakaondoka, hakuna aliyehitaji kutamka neno.

Na arusi! Hapo Bi Khairiya anafumba macho. Arusi ilikuwa siku saba. Siniya za tambuu zilipita kichochoroni zimefunikwa asumini, vyetezo vya udi vikifuata nyuma, na wanawake wakipiga vugo, zile pembe zinazogongwa kwa vijiti, hadi sauti inarudi ukutani. Usiku wa hina wanawake walikesha, kila mmoja na tambuu shavuni, midomo imeiva, wakipigana vijembe kwa nyimbo.

"Siku za yeo ni keki," anasema, na neno hilo analitamka kama jina la mtu aliyemkosea. "Keki ina nini? Waila, yaisha, waenda kwako. Tambuu wakaa nayo. Na ukikaa nayo, wakaa na mwenzio. Hayo ndiyo yaliyopotea, mwanangu. Si majani. Ni kule kukaa."

Anapangusa macho kwa ncha ya leso, wala hajifichi.

Basi ni nani aliyesema kazi ya kuonja ni kazi ndogo? Pate bado wanaikumbuka arusi moja ya zamani ambayo mfungaji wake, mtu wa mbali na nyumba hii, alichukua chokaa ya kupaka ukuta akaitia tambuuni kwa haraka. Wageni hawakumaliza wimbo wa pili. Wanawake wazima walikimbilia mtungi wa maji wamefunika vinywa kwa buibui, na bwana arusi alipoingia kuamkia wakwe, hakuna aliyeweza kumjibu. Mpaka leo inaitwa arusi ya midomo. Watoto waliozaliwa na ndoa ile wamekuwa watu wazima, na bado wanataniwa.

Ugonjwa wenyewe aliujua kwa njia ambayo hakuitarajia. Mumewe, marehemu Khatib, alikuwa afanyiwe upasuaji wa ngiri, na jamaa wakaombwa kutoa damu. Bi Khairiya alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa kanzu. Baada ya siku chache aliitwa kando na muuguzi, akaambiwa damu yake haiwezi kutumika.

"Nalidhani waniambia nina damu haba. Kumbe nina damu yenye wageni."

Madaktari waliporudi nyuma na maswali, walifika mwaka 1987, alipojifungua binti yake Hadil. Alitokwa na damu nyingi, akaongezewa. Siku hizo kipimo cha virusi hivi hakikuwapo popote. Hakuna anayeweza kuthibitisha, lakini madaktari wanaona ndipo vilipoingia, vikakaa kimya zaidi ya miaka ishirini vikilitafuna ini polepole.

Siku hizi amezoea kuulizwa kama ana kinyongo na damu ile. Anatikisa kichwa.

"Damu ile ndiyo iliyonilelea wanangu. Bila hiyo ningezikwa nina miaka ishirini na minne, na Hadil asingemjua mamake. Nitailaumu vipi?"

Tiba ya kwanza ilikuwa ya sindano, kila wiki, pamoja na vidonge, na ilipatikana Mombasa. Ilimbidi ahamie kwa binamu yake Mji wa Kale. Sindano hizo zilimpa homa ya kutetemeka, nywele zikamtoka, na zikamletea huzuni isiyo na sababu. Anasema alikuwa akikaa dirishani akimlilia paka wa jirani.

Akiwa katika hali hiyo, Hadil akaolewa. Tarehe ilikuwa imewekwa zamani, na upande wa mume walikuwa wameshatoka Zanzibar. Bi Khairiya alikuwa amejipanga kurudi Pate kwa wiki ile moja, lakini homa ikampanda siku ya safari na daktari akamkataza kupanda basi. Mwanamke aliyewafungia tambuu mabinti wote wa mtaa alilala Mombasa chini ya mablanketi mawili, akisikiliza arusi ya bintiye kwa simu iliyoshikwa kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe.

"Nalisikia vugo," anasema. "Kisha salio likaisha."

Miezi michache baadaye daktari alipima damu, akakuta virusi havikupungua hata kidogo. Sindano zikasimamishwa. Alirudi nyumbani na kichwa chenye upara, akakuta mabaki ya tambuu za bintiye yamekauka kwenye siniya, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyatupa kabla hajayaona. Alitafuna moja. Chokaa ilikuwa kali. Hakumwambia mtu.

Tiba ya pili ilikuja miaka kumi baadaye, ya vidonge vitupu, miezi mitatu. Watu walimwambia hii ndiyo yenyewe, haina homa wala upara, na wengi wamepona. Kiwanja cha minazi alichoachiwa na Khatib kiliuzwa kulipia dawa na safari. Aliambiwa asitumie mitishamba, akaacha. Aliambiwa asimeze dawa za kiungulia bila kuuliza, akajibu kwa kweli kabisa kwamba hana kiungulia. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujihadhari, alijikataza hata tambuu. Kijaluba chake alikifunga kwa kitambaa akakiweka juu ya kabati.

Ila hakuacha kuonja. Nani angemwambia aache? Kuonja, kwake, hakukuwa kula. Hata mwezi wa Ramadhani mpishi huruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, na funga yake ikabaki salama. Yeye alikuwa kazini. Alimeza kidonge asubuhi na uji, kisha akaketi mkekani na vyungu vyake vya chokaa, akaonja kimoja, cha pili, cha tatu, na msimu wa arusi ulipopamba moto akaonja mpaka vya wenzake waliomletea awahakikishie. Tofauti na chumvi ya yule mpishi wa Ramadhani, chokaa haitemwi. Huonjwa kooni.

Mwisho wa miezi mitatu damu ilikuwa safi. Mtaa ukasoma Maulidi ya shukrani. Miezi mitatu mingine baadaye, kwenye kipimo cha mwisho, virusi vilikuwa vimerudi.

"Hapo ndipo nalipovunjika," anasema taratibu. "Mara ya kwanza nalijua naumwa. Mara ya pili nalijua nimepona. Kuambiwa umepona kisha ukaambiwa hukupona, hilo lina uchungu wake."

Siri ya chokaa ilifichuka mwaka huu tu, na aliyeifichua ni ulimi wenyewe. Dawa mpya, yenye mchanganyiko wa nguvu zaidi kwa watu ambao vidonge vya kwanza havikuwaponya, ilikuwa imepatikana kupitia mpango wa msaada, na Bi Khairiya akaitwa Mombasa kukaguliwa kama anaifaa. Alikwenda na Bochaberi, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa. Dk. Kiptoo, mtaalamu wa ini aliyemtibu pia mara ya pili, alimwambia afunue kinywa. Akainama. Akawasha kurunzi.

"Mama, hii ncha ya ulimi imefanya nini? Ina kovu jeupe."

"Hiyo ni kazi," akajibu Bi Khairiya.

"Kazi gani inaunguza ulimi?"

Akamweleza. Daktari aliweka kurunzi mezani, akavuta kiti, akamwomba aanze upya, polepole. Chokaa gani? Kiasi gani? Anameza? Saa ngapi? Karibu na kidonge?

"Nilimwona daktari anashika paji la uso," Bochaberi anakumbuka. "Nikajua hapa kuna kitu."

Kwa simu kutoka Mombasa, na kwa ruhusa ya mgonjwa wake, Dk. Kiptoo alimweleza mwandishi kwamba moja ya dawa zilizokuwa katika vidonge vile huhitaji asidi ya tumbo ili iingie mwilini vizuri. Chokaa huizima asidi hiyo, kama zifanyavyo dawa za kiungulia.

"Siwezi kuapa kwamba chokaa ndiyo ilisababisha," alisema. "Hawa virusi wana ukaidi wao, na kuna watu wanameza kila kitu sawasawa na bado inashindikana. Lakini mimi nilimuuliza kuhusu dawa, na yeye akanijibu kuhusu dawa. Sikumuuliza kuhusu kazi yake. Sasa namuuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani na anaifanyaje."

Ini la Bi Khairiya lina makovu, lakini bado linafanya kazi. Hilo ndilo lililompa nafasi, kwa sababu dawa hii haipewi mtu ambaye ini lake limekwisha kushindwa. Akiikosa safari hii, huenda atakapopata nyingine ini litakuwa halina tena nguvu ya kuipokea. Sharti lilikuwa moja zito: miezi mitatu bila chokaa kabisa. Alijaribu kubishana bei. Je, akionja jioni, kidonge kikiwa kimeshapita?

"Daktari akaniambia inawezekana, ukiacha saa kadhaa katikati. Kisha akanitazama. Akasema, 'Lakini Mama, wewe ukionja mara moja utaonja mara ngapi?' Alikuwa amenishika."

Daktari aliongeza kwamba popoo nayo si rafiki wa kinywa. Bi Khairiya alimjibu kwamba hilo watagombana baada ya virusi.

Kurudi kazini bila ulimi wake kumekuwa kugumu kuliko alivyodhani. Wiki za kwanza alikuwa akijikuta amechovya kidole, kidole kiko njiani kwenda kinywani, na Bochaberi anapiga kelele kutoka ngazini kama anayemzuia mtoto asishike jiko. Aliota anatafuna. Aliamka na uchungu wa kufiwa, asijue kafiwa na nani.

Na watu nao, ni watu. Alipoamua kusema ugonjwa wake wazi, mama mmoja alifuta oda yake kwa upole mwingi, mwingine akauliza pembeni kama ile chokaa ya zamani ilipita kinywani mwa mgonjwa. Muuguzi wa zahanati alilazimika kuja ukumbini, akaketi mkekani, akawaeleza wanawake kwamba virusi hivi vinapita kwa damu, si kwa chakula wala kijiko wala kukaa pamoja. Kisha akaomba tambuu, akatafuna mbele yao. Oda zikarudi. Katika mwezi mzuri kazi hii humpa kama shilingi elfu kumi na tano. Katika mwezi wa keki, anasema, humpa asumini za bure.

Sasa amebakiza wiki mbili za vidonge. Kipimo cha katikati kilionyesha virusi vimeshuka sana. Hakuna aliyeshangilia, maana na mara ile vilishuka. Jibu la kweli litatoka miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, karibu na Maulidi. Mpaka hapo, Bi Khairiya hajui kama amepona au amepumzishwa tu.

Hilo ndilo lililomleta mwanawe Abdulwahid alasiri hii. Ni fundi umeme anayeishi Amu. Ameshukia Mtangawanda, kwenye gati ya kisiwa, na bintiye Ghada, mwenye miaka ishirini, ambaye ameposwa na kijana wa kisiwa cha Ndau. Arusi imepangwa baada ya Maulidi. Abdulwahid anamwamkia mama yake, anaketi mbali kidogo na siniya, anazungukazunguka na habari za mjini. Bi Khairiya anaendelea kupangusa majani.

"Sema lililokuleta," anamwambia. "Wanizungukia kama ng'ombe wa shamu akamuaye mafuta."

"Mama, tumeongea na watu wa Ndau kuhusu arusi. Wamekubali tuilete mbele. Iwe mwezi huu."

Mikono ya Bi Khairiya inasimama.

"Kwa nini?"

"Basi tu. Mambo ya nafasi."

"Abdulwahid."

Kijana wa watu ana miaka zaidi ya arubaini na ndevu zimeanza mvi, lakini akiitwa hivyo anatazama mkeka. Ghada ndiye anayejibu.

"Ni kwa ajili yako, Bibi. Mimi pia nimekubali. Nataka uwepo."

"Nitakuwa wapi baada ya Maulidi?"

Bochaberi, aliyekuwa akikata popoo, anaweka mkasi chini.

"Nimewauliza. Nitakuwa wapi?"

"Naogopa, Mama," Abdulwahid anasema. "Arusi ya Hadil uliikosa. Nilikuwa nimeshika simu mimi, dirishani, nikajua uko kule unasikiliza peke yako. Mara ya pili wakasema umepona, tukasoma Maulidi, kisha... Siwezi tena kungoja jibu. Likija baya, na arusi bado, nitajisamehe vipi?"

Mwandishi alitegemea hasira. Badala yake Bi Khairiya alisogea, akamshika mwanawe kichwa, akakilaza begani kwake kama vile si yeye mgonjwa.

"Nami naogopa," anamwambia. "Kila asubuhi nikikitia kile kidonge kinywani naogopa. Nakimeza na woga wangu. Lakini mkiniletea arusi mbele, mwanangu, mwaniaga. Wageni wote wataingia wakinitazama mimi, si bibi arusi. Watanishika mkono kama wanaonipa pole. Ghada atatolewa nje amepambwa, na watu watasema, maskini, wamewahi."

"Si hivyo, Bibi," Ghada anasema, huku analia.

"Ni hivyo. Na kuna jingine. Mwezi huu sina ruhusa ya kuonja. Nimewafungia tambuu wana wa watu miaka arubaini. Binti yangu mwenyewe alifungiwa na wengine, na chokaa ilikuwa kali."

Abdulwahid anainua kichwa. "Ilikuwa kali? Nani alikuambia?"

"Niliionja niliporudi. Miaka yote hii sikumwambia mtu, wasije wakaona haya. Sasa nasema. Arusi ya huyu, chokaa nitaionja mimi. Baada ya Maulidi vidonge vitakuwa vimekwisha, daktari hana la kunikataza. Mwalimu ni rafiki yangu, nampenda, lakini kwa Ghada, la."

"Kwa hiyo nimefutwa kazi?" Bochaberi anauliza.

"Likizo ya siku moya, mwalimu. Yenye mshahara."

Wanacheka wote, kicheko cha watu wenye machozi mashavuni. Abdulwahid anapangusa uso kwa mkono wa shati. Anauliza atawaambia nini watu wa Ndau, maana ameshawasumbua mara moja na sasa anarudi kuwasumbua mara ya pili.

"Waambie mama yako ana kazi ya kufanya," anajibiwa. "Na waambie wajiandae kwa siku saba. Sitaki keki."

Ghada anaguna. Keki, inaonekana, imeshaagizwa Amu. Bibi na mjukuu wanaanza kubishana papo hapo, na baada ya mabishano marefu wanakubaliana keki iwe moja, ndogo, na isitangulizwe mbele ya siniya.

Jua linapoanza kushuka, Abdulwahid na bintiye wanaondoka kwenda Mtangawanda kuwahi boti. Bi Khairiya anawasindikiza hadi mlangoni, anasimama akishika kizingiti mpaka wapotee kichochoroni. Mwandishi anamuuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu mchana kutwa. Arusi na jibu la damu vitakutana karibu siku zilezile. Je, jibu likija baya?

Hakasiriki. Anajifunga leso upya kiunoni.

"Likija zuri, Alhamdulillahi, nitapiga vugo mpaka vijiti vivunjike," anasema. "Likija baya, nalo liye. Litanikuta arusini."